Pazia la buti lisilorudi: namna ya kulitengeneza mwenyewe nyumbani

Jirani yangu hapa Nzuguni, Dodoma, mwalimu wa sekondari, alinigongea geti Jumamosi moja ya mwezi wa saba akiwa amelikumbatia pazia la buti la gari lake, Subaru Forester, lile linalovutwa kufunika mizigo nyuma ya viti, kama mtu aliyebeba mkeka. Kitambaa kilikuwa kimening'inia nusu nje. Gereji moja ilikuwa imemwambia springi imekatika, anunue pazia zima.

"Kaka, nitazamie kabla sijatoa hela," akaniambia. "Hili ndilo linanifichia daftari za wanafunzi na kompyuta nikisimama sokoni."

Tuliliweka mezani chini ya mwarobaini. Kesho yake lilikuwa linarudi lenyewe. Springi ilikuwa nzima. Ilikuwa imepoteza mizunguko tu.

Tangu siku hiyo nimefungua mapazia ya majirani na ndugu kadhaa, na karibu yote niliyoambiwa "springi imekatika" yalikuwa na tatizo hilohilo. Ndiyo maana naandika haya kwa kirefu. Kazi hii haihitaji gereji. Inahitaji meza, utulivu, na kuelewa springi inakaaje kabla ya kuigusa.

Kilichomo ndani ya ganda

Kwa nje unaona kitambaa na ganda refu la plastiki au aluminiamu linalokaa nyuma ya viti. Ndani ya ganda kuna bomba la aluminiamu, na kitambaa kimezungushwa juu yake. Ndani ya bomba kuna springi ndefu na nyembamba. Ncha yake moja imeshika bomba. Ncha ya pili imeshika mhimili, kijiti cha chuma kinachotokeza mwisho wa bomba. Mwisho wa nje wa mhimili si wa duara: umechongwa bapa, nao unaingia kwenye tundu bapa la kofia, ile plastiki inayoziba mwisho wa ganda. Kwa hiyo mhimili hauzunguki. Kinachozunguka ni bomba.

Ukivuta kitambaa, bomba linazunguka na springi inajisokota. Ukikiachia, springi inajifungua na kukirudisha. Sasa shika jambo hili, kwa maana ukarabati wote unasimama juu yake: hata kitambaa kikiwa kimeingia chote, springi hubaki na msokoto wa akiba. Akiba hiyo ndiyo inayovuta zile sentimita 20 za mwisho. Ikipungua, pazia hurudi hadi katikati na kulala. Ikiisha, halirudi kabisa.

Akiba hupoteaje? Mara nyingi kosa liko kwenye tundu la kofia. Gari likiegeshwa juani pale Mtumba, kwenye mji wa Serikali, tangu asubuhi hadi watu watoke kazini, plastiki iliyo karibu na kioo cha nyuma inaokwa kila siku. Inakauka, kingo za tundu zinalika, na siku moja mhimili unateleza na mizunguko yote inamwagika kwa mara moja. Mwenye gari husikia mlio mkali wa "trrrr" nyuma ya viti. Ni kweli unafanana na kitu kilichokatika, ndiyo maana wengi hudanganyika.

Sababu ya pili ni vumbi. Mkoa huu ni mkavu, mvua zetu ni za msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na miezi mingine yote vumbi laini linaingia kila penye upenyo. Likijaa kwenye mdomo wa ganda, kitambaa husuguana nalo kila kikipita, na springi dhaifu hushindwa.

Soma dalili kwanza

Usishike bisibisi bado. Vuta pazia mara tano ukiwa garini, uone linafanyaje.

Likirudi kwa nguvu mwanzoni kisha likachoka karibu na mwisho, akiba imepungua au kuna uchafu. Anza na usafi. Likikaa nje kama shuka, na bomba likazunguka kwa kidole bila ukinzani wowote, mhimili umetoka kwenye tundu au ncha ya springi imechomoka. Ukisikia mkwaruzo wa chuma kwa chuma na mvuto unakuja kwa kushtuka-shtuka, hapo ndipo uanze kufikiria springi iliyokatika. Likiingia upande mmoja ukitangulia mwingine, kitambaa kimehama kwenye bomba, wala springi haina kosa. Na kama linarudi vizuri ila halikai likivutwa, tatizo liko kwenye pini mbili za ule ubao mgumu wa mwisho, au kwenye vishikizo vyake vya ubavuni karibu na mlango wa nyuma.

Vifaa

Bisibisi ya nyota na ya bapa. Baadhi ya magari yana skrubu za kichwa chenye pembe sita, kwa hiyo azima seti yenye vichwa mbalimbali. Plaizi mbili, na moja iwe ile inayojifunga yenyewe ukishaibana. Bila hiyo usianze. Vibanio viwili vya seremala, au hata vibanio vikubwa vya karatasi. Mswaki wa zamani, sponji, sabuni ya maji, mafuta kidogo ya cherehani, kalamu ya maka, gundi ya pakiti mbili inayochanganywa, na gundi ya mafundi viatu. Vaa miwani ya kukinga macho na glovu za ngozi. Tandika shuka la rangi nyeupe juu ya meza: vipande vya ndani ni vidogo, na kikianguka kwenye mchanga wa uani umekipoteza.

Fanya kazi mapema, kuanzia saa moja hadi saa nne asubuhi, kabla upepo haujakolea. Kufungua springi yenye mafuta wakati vumbi linapeperuka ni kuialika shida nyingine.

Kulitoa na kulisafisha

Rudisha kitambaa chote ndani, kwa mkono ikibidi. Kwenye magari mengi ncha moja ya ganda, au zote mbili, ina springi fupi: isukume ielekee katikati, inyanyue, na ganda litatoka. Mengine yana kitufe au kiwiko kidogo cha kubonyeza. Likigoma usitumie nguvu ya mabega. Piga mswaki mkavu kuzunguka ncha, utie tone moja la mafuta ya cherehani, usubiri dakika kumi.

Kabla ya lolote, piga picha ncha zote mbili kwa simu, kisha andika kwa maka "kushoto" na "kulia". Ganda likishafunguliwa, pande zote hufanana.

Mwombe mtu avute kitambaa chote wakati wewe umeshika ganda. Kifute pande zote mbili kwa sponji na maji ya sabuni, ukianzia kwenye bomba kwenda kwenye ubao. Piga mswaki mdomo wa ganda mpaka usione vumbi. Kausha kivulini, kwa sababu kitambaa chenye plastiki kikianikwa kwenye jua letu hukakamaa na kuanza kupasuka kwenye mikunjo. Kikikauka, jaribu tena. Pazia la shemeji yangu wa Kizota liliishia hapa: lilikuwa limebeba vumbi la safari za Kondoa za miaka mingi, na likisafishwa tu likawa linarudi lote.

Kufungua upande wa springi

Kama usafi haukutosha, tafuta upande wenye mhimili. Weka sikio kwenye ncha moja huku mwenzako akivuta kitambaa polepole. Upande wa springi una sauti ya kujikaza, upande mwingine uko kimya.

Hapa naomba uwe makini sana. Mara ya kwanza niliivuta kofia kwa pupa bila kushika mhimili. Springi ilikuwa bado na akiba, mhimili ukazunguka kwa kasi na kunichana kidole gumba hadi karibu na mfupa. Kwa hiyo watoto wakae mbali, na ubane vitu viwili kabla ya kufungua: kitambaa pale kinapotoka kwenye ganda, kwa vibanio, ili bomba lisizunguke, na mhimili wenyewe, kwa plaizi ya kujifunga, mara tu kofia inapoachia kiasi cha kuuona. Kubana kimoja tu hakutoshi, kwa sababu springi ikishindwa kuzungusha huku itazungusha kule.

Kofia nyingi zimeshikwa na skrubu mbili. Nyingine zina meno ya plastiki yanayoachia ukiyasukuma kwa bisibisi ya bapa. Ukikuta ribiti, toboa kichwa chake kwa drili, na wakati wa kufunga utumie skrubu fupi zisizofika kwenye bomba. Vuta kofia taratibu na moja kwa moja, bila kuipinda. Mhimili ukionekana, ubane hapohapo.

Kama springi bado ina mvuto, iachie kwa hiari yako: shika plaizi kwa nguvu, ruhusu nusu mzunguko, shika tena, ruhusu nusu nyingine, huku ukihesabu kwa sauti na kuandika. Hesabu hiyo itakusaidia, kwa sababu itakuonyesha akiba iliyobaki ilikuwa kiasi gani.

Kutafuta kosa

Tazama tundu la kofia kwa tochi ya simu. Likiwa limekuwa la duara, umeshapata mgonjwa. Dawa niliyoitumia kwa pazia la mwalimu ndiyo hii: kata kipande cha bati la aluminiamu, kikunje kama herufi U kikumbatie ubapa wa mhimili, kisha kwangua ndani ya tundu kwa ncha ya kisu ili gundi ishike. Paka mhimili mafuta kidogo usije ukagandana. Jaza tundu kwa gundi ya pakiti mbili, zamisha kile kipande cha bati pamoja na mhimili ukiwa umenyooka, uache mpaka gundi ikauke kabisa. Mimi huacha usiku kucha hata kama pakiti inasema saa chache. Asubuhi chomoa mhimili. Tundu jipya litakuwa bapa na lenye kingo za chuma, gumu kuliko plastiki iliyolika.

Kama tundu ni zima, chomoa mhimili pamoja na springi polepole. Angalia kama ncha ya springi imechomoka kwenye kishikizo chake. Kuikunja upya kwa baridi ni hatari kwa sababu chuma cha springi ni kigumu na huvunjika. Pasha moto sentimita 2 za mwisho tu hadi ziwe nyekundu, ziache zipoe zenyewe bila maji, ndipo uzikunje kwa plaizi. Usipashe zaidi ya hapo: sehemu iliyopata moto hupoteza ule ugumu wa kurudi, na ukiipasha springi ndefu umeiua.

Springi ikiwa imekatika karibu na ncha, ndani ya mizunguko michache, unaweza kutengeneza ndoano mpya kwenye sehemu iliyobaki kwa njia hiyohiyo. Ikikatika katikati, usihangaike kuichomelea. Hapo tafuta pazia la mtumba, na ukiona gharama haiendani na mfuko, nunua hata lililochanika kitambaa. Wewe unachotaka ni springi na kofia. Ukiagiza kutoka maduka ya spea ya Gerezani kule Dar es Salaam, mtumie muuzaji picha za ncha zote na upana wa ganda kwa sentimita, usimpe jina la gari pekee. Matoleo mawili ya gari moja huweza kutofautiana upana.

Kurudisha mizunguko

Hii ndiyo sehemu yenye raha. Safisha springi kwa kitambaa kikavu, paka mafuta ya cherehani kwa kidole, kidogo sana. Usitumie grisi, grisi na vumbi la Dodoma vikikutana vinakuwa kama msasa. Irudishe ndani ya bomba mpaka usikie ncha ya ndani imeshika: ukizungusha mhimili kwa vidole, ukinzani unaanza.

Kitambaa kiwe kimezungushwa chote kwenye bomba, kimenyooka, na kimebanwa kisitoke. Sasa mwelekeo. Zungusha mhimili mara tatu upande mmoja, ushike kwa plaizi, kisha mwenzako alegeze vibanio kidogo. Kama kitambaa kinavutwa kuelekea ndani, huo ndio mwelekeo. Kama kinasukumwa nje au bomba linakwama, fungua na ugeuze. Springi ikisokotwa vizuri hujikaza na kuwa nyembamba. Ikisokotwa kinyume hutanuka, inagusa kuta za bomba na kuharibika.

Ukishajua mwelekeo, zungusha mara 8 kwanza. Shika mhimili kwa plaizi moja, zungusha kwa nyingine, na plaizi ya kujifunga isiachwe hata sekunde moja bila mkono juu yake. Ingiza ubapa wa mhimili kwenye tundu la kofia, sukuma kofia hadi mwisho, funga skrubu, ondoa vibanio, jaribu. Mvuto ukiwa hafifu, rudia na kuongeza miwili miwili. La mwalimu lilitulia kwenye 14. La Toyota Fielder ya kaka yangu lilitosha kwa 10. Namba ya gari lako itajulikana kwa kujaribu tu.

Usiongeze kwa tamaa. Fikiri hivi: bomba lililozungushiwa kitambaa likiwa na kipenyo cha sentimita 3, kila mzunguko unatoa takribani sentimita 9 za kitambaa. Pazia la sentimita 90 linahitaji mizunguko karibu 10 ili lifike nyuma. Kwa hiyo springi yenye akiba 14 itakuwa imebeba 24 pazia likiwa wazi. Ukiweka akiba ya 25, pazia linaweza kugoma kabla halijafika kwenye vishikizo, na ukilazimisha unang'oa ncha ya springi au unapasua kofia uliyoitengeneza jana. Kipimo changu: likivutwa hadi mwisho liwe bado na sentimita kadhaa za ziada zinazotoka bila kulazimishwa, na likiachwa huru lirudi lote bila kugonga ganda kwa kishindo.

Kitambaa kilichopinda, kilichochanika, na pini

Kitambaa kilichohama ni kazi nyepesi lakini inahitaji jicho. Kivute chote mpaka uone bomba, na mwenzako alishike bomba lisirudi. Kitandaze sakafuni kwenye vigae na ufuate mstari wa vigae: bomba lilale kwenye mstari mmoja, ukingo wa kitambaa kwenye mstari unaokatiza. Bandua mahali palipoachia, futa gundi ya zamani, bandika upya, na uache mzigo mzito juu yake saa kadhaa.

Mpasuko wa ukingoni usikimbilie kuushona. Matundu ya sindano kwenye kitambaa kilichozeeka huwa mstari mpya wa kuchanikia. Kata kiraka cha leza (ngozi ya bandia) nyembamba chenye kona za mviringo, paka gundi ya viatu kwenye kiraka na upande wa chini wa kitambaa, subiri mpaka isinate kidoleni, ndipo ubonyeze. Kiraka kinene kitafanya nundu kwenye bomba na pazia litaanza kukwama tena.

Pini ya ubao ikivunjika, toboa mahali pake, ingiza boliti nyembamba iliyokatwa kichwa, na uishike kwa gundi ya pakiti mbili. Lainisha ncha kwa tupa isije ikakwaruza plastiki ya ubavuni.

Kulirudisha garini

Ingiza ncha isiyobonyea kwanza, kisha ile yenye springi, mpaka usikie imekaa. Shika ganda katikati, ulitikise kwa nguvu juu na chini. Lisitoke. Usiruke kipimo hiki: ganda ambalo halijakaa vizuri ni kitu kirefu na kigumu kilicho nyuma ya vichwa vya abiria, na breki ya ghafla kwenye barabara ya Morogoro italirusha mbele. Halafu endesha gari kwenye barabara ya vumbi kwa dakika kumi ukiwa umezima redio. Mlio wa kugongana ukisikika, kipande chembamba cha mpira wa tyubu ya baiskeli kwenye ncha kinaumaliza.

Baada ya hapo lisindikize kwa mkono kila unapolirudisha; kuliachia lijipige ndiko kunakolegeza ncha ya springi. Usiweke kitu juu yake. Nimeona kreti za zabibu zikipangwa juu ya pazia lililovutwa, na kitambaa kikabaki na tumbo lisilonyooka tena. Ukienda Bahi kuchukua magunia ya mchele au Kibaigwa kuchukua mahindi, litoe kabisa uliache nyumbani, likiwa limelazwa bapa chini ya kitanda. Usiliegemeze ukutani, kwa sababu bomba likipinda hata milimita chache, springi itaanza kukwaruza.